Mali Kauli

Hapa Newala, nyuma ya stendi, duka langu halina bango.
Lina daftari.
Unaleta nguo uliyoichoka, au isiyokutosha tena,
au ile uliyokosana na aliyekupa;
naiandikia jina lako, naipa bei, naitundika.
Ikiuzwa, theluthi yangu, theluthi mbili zako.
Isipouzwa kwa miezi mitatu, njoo uichukue,
tusidaiane hata salamu.
Karatasi hatusainiani. Ni mali kauli:
mali yako, kauli yangu,
na kauli ikichanika haina fundi.

Nguo hizi zilishazikwa mara moja.
Zilifika Mtwara kwenye marobota, zimebanwa kama tende,
zikavaliwa, zikafuliwa, zikapanda mlima huu
zikiwa kwenye uhai wa tatu.
Sare hii ina majina ndani ya kola:
Swalehe, limekatwa. Fadhila, limekatwa.
Chini yake nafasi imebaki.
Gauni lile jeupe limeolewa mara sita,
na kila Jumatatu limerudi kwangu, mchuzi pindoni.

Juni, ukungu umeshuka hadi vizingitini,
Bi Somoe, mjane wa Litunu, akaleta koti.
La sufu, rangi ya udongo wa barabara ya Kitangari,
viwiko vimetiwa viraka kwa uzi mweusi, kwa kuwa wa kahawia uliisha.
Bega la kulia limeshuka kuliko la kushoto:
miaka ya mizega, maji yakitoka bondeni.
"Elfu ishirini na tano," alisema. Hakulitazama.
Nikaandika.

Kila Ijumaa alipita.
"Limetoka?"
"Bado, mama."
Akashusha pumzi kama mtu aliyetua ndoo,
akainyoosha kola,
akapangusa vumbi ambalo halikuwepo,
akaenda zake.
Ijumaa ya tano ndipo nilipong'amua:
hafuati hela huyu.
Anakuja kama watu waendavyo kumtazama mgonjwa.

Basi nikafanya jambo ambalo mchuuzi haungami.
Nilipandisha bei. Thelathini. Arubaini.
Dereva wa bodaboda alilipenda, nikamwambia lina nondo.
Mwalimu akataka kulijaribu, nikasema lina mwenyewe.
Miezi mitatu ikaisha. Sikuhesabu,
naye hakuhesabu.
Tulikuwa wezi wawili tunaolinda mlango mmoja.

Kisha Novemba. Mnada ukapita, hela za korosho zikaingia,
na hela za korosho, unazijua, haziulizi majira.
Jua linachoma mabati, mimi najipepea kwa daftari,
akaingia kijana wa Mnyambe, akalitungua, akalivaa.
Bega likamkataa.
Akalivuta, akacheka: "Litanizoea."
"Bei gani?"
Nikataja tisini, nikidhani nimefunga mlango.
Akahesabu tisini.

Kauli ni kauli.

Ijumaa nilimwekea Bi Somoe hela kiganjani, zote,
theluthi yangu sikuikata.
Akazihesabu polepole, akilamba kidole,
akatenga thelathini, akaziweka juu ya daftari.
"Tulipatana," alisema.
Akautazama msumari mtupu ukutani.
Akafika mlangoni, akageuka,
na kwa sauti ya mtu anayeulizia njia:
"Ameelekea wapi?"

Hakusema limeelekea.
Nami nimesoma hadi la saba, ngeli nazijua,
lakini nani angemsahihisha?
"Amekwenda Mnyambe, mama," nikamjibu.
"Alipata usafiri."