Kiu ya Ijumaa

Ulisema, Bogumiła: Ijumaa,
kikombe kimoja kwa kila chungu,
na ule mlimau uliouotesha kwa mbegu, nusu kikombe,
usiuonee huruma.
Ukafunga zipu ya begi, ukapanda treni ya Szczecin
kumuuguza mama yako, aliyevunjika nyonga
akishuka ngazi na kapu la viazi.

Mimi nimetengeneza lifti za Łódź miaka thelathini na mitatu.
Waya uliochoka naujua kwa sauti yake.
Jani lililoinama sikujua linasemaje.
Nililidhani lina kiu.
Nikalinywesha Jumamosi. Jumapili nikalinywesha tena,
kwa kuwa nyumba ilikuwa kimya
na birika lilikuwa mkononi.

Wakaja.

Kwanza mmoja, juu ya mchuzi wangu;
nikampiga kofi, mchuzi ukanirukia shavuni.
Kisha watatu kwenye kioo cha bafuni.
Haba na haba, wakajaza chumba:
kila nikivuta pazia, udongo unapiga chafya
ya vumbi jeusi lenye mabawa.
Visubi. Hawaumi, hawavumi,
wanarandaranda juu ya udongo
kama watu waliosahau kilichowaleta sokoni,
na ukipiga miayo, wanaingia.

Nikatega siki na sukari kwenye kisahani:
saba wakazama, sabini wakazaliwa.
Nikanyunyiza mdalasini; nyumba ikanukia Krismasi
mwezi wa Machi.
Nikaleta mashine ya kufyonza vumbi,
ikafyonza jani zima la lile ua lako jeupe
(nitalieleza ukirudi).
Nikachomeka kadi za njano zenye gundi.
Usiku, nimevaa miwani, nikahesabu mia na kumi na wawili,
na mkono wa sweta langu.

Jagoda wa ghorofa ya tano, ana miaka kumi na mmoja,
alikuja kuazima yai.
Hakuniuliza. Akatia kidole ndani ya chungu
mpaka kifundo cha pili.
"Huu si udongo," akasema, "huu ni uji."
Akakata kipande cha kiazi kibichi, akakilaza juu ya matope.
"Kesho kigeuze."

Kesho nikakigeuza.
Chini yake: nyuzi za kioo, zina vichwa vyeusi,
zinajinyonganyonga kwenye mwanga.
"Hao wanaoruka ni wazee," Jagoda alisema, akirudisha yai,
"watakufa wenyewe wiki hii.
Wewe unapigana na mababu
huku wajukuu unawanywesha."

Nililifuta birika, nikaliweka juu ya kabati.
Nikamwaga mchanga mkavu juu ya kila chungu, unene wa kidole.
Ijumaa ikaja, nikatoka nje nikatembea
mpaka kituo cha mwisho cha tramu, nikarudi.
Ijumaa ya pili majani yaliinama yote,
yakinitazama kama wageni ambao hawajakaribishwa chai.
Bogumiła, ni kazi ngumu kukaa na mwenye kiu
na bomba liko hatua nne.
Nilikunywa maji yangu nimeyapa mgongo.

Udongo ukapasuka, ukaachana na kingo za vyungu.
Kadi mpya zikakaa njano tupu.
Siku hiyo ukapiga simu.
"Mimea yangu?"
"Ina kiu," nikasema.
"Vizuri. Na wewe?"
Nikasikia kijiko cha mama yako kikigonga bakuli huko Szczecin.
Nikauliza, nyonga inaendeleaje.

Leo ni Ijumaa.
Nimebeba vyungu mmoja mmoja, nimevikalisha ndani ya beseni,
vinywe kwa chini, polepole, kama ng'ombe.
Kikombe kimoja. Kikombe kimoja.
Mlimau, nusu.
Sikuuonea huruma.
Kijiko kimoja tu cha ziada,
na kisubi mmoja, wa mwisho nadhani,
anatembea ukingoni mwa bilauri yangu ya chai.
Nimemwacha amalize mzunguko.