Makopo Saba

Kwenye rafu ya mama, Igombe, nimehesabu makopo saba.
La kwanza lina picha ya mlima wenye theluji,
la pili mzee wa ndevu nyeupe anacheka peke yake,
la tatu limeandikwa kwa herufi
ambazo humu nyumbani hazisomwi na mtu,
hata mimi niliyefika chuo.
La nne ni mlonge.

Naomba tusimame kwenye la nne.

Mlonge, jamani!
Vidonge sitini, shilingi elfu thelathini na nane.
Na hapo dirishani, ukiinua shingo tu,
mlonge wenyewe umesimama kwenye uzio wa choo.
Kuku wanalala humo, matambara yanaanikwa humo,
na ukizidi urefu Masunga anaukata kwa panga
huku akiulaani.

Nikapiga hesabu nyuma ya kadi ya mchango wa harusi:
kopo moja, madebe mawili ya dagaa.
Na dagaa si za kuokota.
Ni kuamka saa tisa usiku kungoja karabai zirudi nchi kavu,
ni kuzianika juu ya mwamba, kuzigeuza,
kufukuza yangeyange,
na kulitazama wingu la upande wa Ukerewe
kama unavyomtazama mtu anayekudai
akikata kona kuja kwako.

Mama, hivi vyote vya nini?
Akafuta mikono kwenye kanga.
"Hicho cha magoti. Hicho cha kusafisha damu.
Hicho cha macho, ila kinasaidia na choo.
Hicho sikumbuki, lakini kinafanya kazi."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Bugando nilipanda kile kilima alfajiri,
nikaitwa saa saba.
Akaniuliza umri, hakuinua macho, akaandika. Nikashuka.
Yunge wa makopo alikaa hapo ulipokaa wewe,
akala ugali wangu, akaniuliza:
mama, unalalaje?
Tangu tumzike baba yako
nani mwingine ameniuliza nalalaje?"

Kadi ya mchango ikanibaki mkononi.

Sisemi majani hayana kitu.
Bibi Milembe alitunywesha mwarobaini tukiwa wadogo,
tukapona,
au homa ilijichokea ikaenda zake. Nani alipima?
Nimesoma lebo zote saba kwa mwanga wa simu:
huimarisha, husaidia, huboresha.
Hakuna hata moja lililothubutu kusema huponya.
Hayo ni maneno ya mtu
anayeijua njia ya mahakamani.

Yunge naye nimemwona. Si mwizi.
Ana watu sita chini yake,
yeye yuko chini ya mtu wa Nyegezi,
na wa Nyegezi yuko chini ya mtu
ambaye hawajawahi kumwona hata kwa picha.
Asubuhi anameza vidonge vyake mwenyewe,
vitatu vitatu, kwa imani,
na deni la duka analo.

Kilichoniuma si makopo.
Ni vile vyeupe vya presha,
kimoja bei ya andazi,
nilivyovikuta ndani ya chungu, vimefungwa kwenye kitambaa,
vya miezi miwili, havijaguswa.
"Vile havina mtu," mama akasema.
"Vinatoka dirishani."

Sasa nampigia kila saa mbili usiku.
Nauliza: umemeza cheupe?
Halafu, kabla hajakasirika: na jana ulilalaje?
Swali la kwanza linachukua nusu dakika.
La pili linamaliza salio.

Juzi amechuma mlonge wa uzioni, kaupika na dagaa.
Mchungu kidogo, anasema, ila unashuka.
Makopo sita amewekea chumvi, vifungo, mbegu za mchicha.
La saba bado lina vidonge vyake.
La akiba, anasema.
Nimeliacha.