Daftari la Chumba B14

Mali bila daftari hupotea bila habari,
na daftari ndiye mimi:
chini ya ngazi za jengo la utawala, chumba B14,
bomba la mvuke likikohoa juu ya kichwa changu,
na nje, upande wa Ziwa Superior,
theluji imefika kwenye vioo vya magari.
Kila Februari mfuko wa wanafunzi hubaki makombo.
Mwaka huu makombo ni dola mia sita na kumi na moja.

Fomu mbili zilifika kabla ya saa kumi.

Ya kwanza, Aila Niskanen, mwaka wa pili, biolojia.
Anataka kuhesabu tunutu wa nzi-mawe
wanaoishi kijitoni, chini ya barafu.
Nyavu mbili, chupa arobaini, spiriti, mafuta ya gari:
mia nne na kumi na mbili.
Penye "Matokeo yanayotarajiwa" ameandika:
Sijui. Ndiyo maana naomba.

Ya pili, Chama cha Wanafunzi Wahmong,
mweka hazina Pahoua Xiong,
mwandiko mwembamba kama mshono.
Mwaka Mpya wao uliwapita Novemba,
ukumbi walipewa wacheza hoki;
sasa wanataka kuusherehekea hivyo hivyo, umechacha.
Mchele, tangawizi, ukumbi, mipira ya kitambaa ya kurushiana:
mia tatu na themanini.
Penye "Idadi ya watakaohudhuria":
Thelathini na wawili, na yeyote mwenye njaa.

Kamati ni vijana watano na boksi la piza.
Mimi sina kura, nina kalamu.
Mmoja alisema utafiti ni kazi, karamu ni karamu.
Mwingine akasema tunutu hawalipi ada.
Wakacheka, kisha wakanyamaza,
maana hesabu haikucheka nao:
ilipungua mia moja themanini na moja
hata ungeigeuza miguu juu.

Fedha fedheha. Nilipotoka kujaza maji birika
niliwakuta wawili hao kwenye benchi la korido,
kila mmoja akijikata mwenyewe kwa penseli.
Aila amefuta mafuta ya gari. Atatembea.
Maili nne, nyuzi ishirini chini ya sifuri.
Pahoua amefuta ukumbi. Watabanana jikoni bwenini.
Kisha, bila kuinua macho:
"Barafu unaitoboa kwa nini?"
"Shoka."
"Baba ana keekee ya barafu. Na pikapu."

Fomu yangu haina kisanduku cha jambo hilo.

Tisini na sita zikatoka huku,
themanini na tano kule.
Nilijumlisha mara tatu, kwa mashaka ya kazi,
na mara tatu ikaja mia sita na kumi na moja.

Aprili zikaja risiti.
Wengine husoma barua; mimi husoma risiti.
Chupa arobaini, moja imevunjika, imeandikwa.
Mchele kilo hamsini. Vitunguu vya majani, mafungu ishirini.
Ripoti ya Aila, kurasa sita:
tunutu mia mbili na watatu,
wachache kuliko nilivyotumaini, bado sijui kwa nini,
na karatasi yenyewe inanuka tangawizi.

Walinialika ile Jumamosi. Sikwenda.
Nilisema paka wangu mgonjwa. Hakuwa mgonjwa.

Chini kabisa ya bahasha, risiti moja ndogo:
kahawa mbili na donati, kituo cha mafuta,
dola nne na senti kumi na nane,
na maneno: ya baba yake Pahoua, alitusubiri
saa tatu kwenye baridi.
Kanuni ya saba: mfuko haulipi zawadi.
Nikapiga muhuri, HAPANA, wino ukatapakaa.
Halafu nikafungua mkoba wangu mwenyewe,
nikahesabu hadi senti ya mwisho,
nikaitia bahashani, nikaigundisha kwa ulimi.

Kwenye daftari sikuandika kitu.
Basi na ipotee, hiyo moja,
bila habari.