Kizibo Chini ya Bakuli

Mwezi wa tatu shingo yake bado bua la mchicha.
Narudi saa moja asubuhi kutoka ghala la mabati, Chang'ombe,
rungu kwapani, macho yamejaa mchanga,
Mwajabu ananikabidhi mtoto kama anayekabidhi zamu:
"Shika kichwa. Kichwa, Baba Siwema!"
Na mimi, ninayelinda usiku kucha mali nisiyojua bei yake,
nikatetemeka kwa kilo tano na robo.

Mambo yote makubwa yalitokea nikiwa nimelala.
Alijipindua mchana wa Jumanne,
akaonwa na Mama Chausiku aliyekuja kuomba chumvi.
Jino la kwanza alilijua mama yake, kwenye titi,
akapiga ukelele ulioniamsha
nikatafuta rungu.

Akaanza kutambaa, kinyumenyume.
Analikodolea macho kopo jekundu analolitaka,
anajitahidi, anahema,
na kila akijitahidi kopo linazidi kuwa mbali.
Nilicheka sana, kisha nikaacha:
nami kiwanja cha Chamazi nakiendea hivyo hivyo.

Akasema ba-ba-ba.
Nikatoka uani kuwatangazia wapangaji wote.
Jioni akaiita ndoo ba-ba-ba,
akamwita na paka.

Mwezi wa tisa, chanjo ya surua.
Mwajabu alikuwa amepata tenda ya vitumbua
nikampeleka mimi, mwanamume peke yangu kwenye benchi.
Akaning'inia kwenye mzani, akatutazama kama hakimu.
Nesi akatia nukta kwenye kadi, kwenye kijani,
akauliza bila kuinua uso:
Anakaa bila kuegemea?
Anaokota punje kwa vidole viwili?
Kitu kikifichwa, anakitafuta?
Ndiyo, nikasema, ndiyo, ndiyo,
kama dereva aliyesimamishwa na trafiki.
Sikujua hata moja.

Siku hiyo sikulala.
Nikakaa naye mkekani: kizibo cha chupa ya maji,
bakuli la bluu lenye ufa.
Nikamwonyesha kizibo. Nikakifunika.
Akatazama bakuli, akatazama dari,
akashika kidole changu cha mguu.
Kizibo kilikuwa kimefutika duniani
wala hakukililia.
Kesho yake tena. Keshokutwa tena.
Usingizi wangu ukahamia saa tano.

Siku ya kumi na mbili, au ya kumi na nne, sikuandika,
mkono ukasita hewani kama unaosikiliza,
ukashuka,
akalifunua.
Hakutazama kizibo. Alinitazama mimi,
kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa humo chini.

Jioni ile nikavaa sare, kama kawaida.
Miezi yote hiyo niliondoka bila kesi:
mlango ukifungwa, nimekwisha,
anarudi kwenye kopo lake.
Jioni ile alilia.
Alitambaa mbele, mbele safari hii!
hadi kizingitini, akaupiga mlango kwa kiganja,
na sauti yake ikanifuata
hadi kwenye bomba la maji, hadi lami.
Asubuhi Mwajabu akaniambia, huku akikoroga uji,
"Umemfundisha mwenyewe."

Kumbe akili ikiota, uchungu nao huota ufizi mmoja.
Hilo nesi hakuniuliza.

Sasa ana mwaka na mwezi mmoja.
Anasimama dede kwa kushika ndoo, ile aliyoiita baba,
anakwenda tete, hatua tatu, ya nne ni kishindo,
anajipigia makofi akiwa chini.
Nikitoka bado analia, ila kidogo,
kisha huja dirishani na bakuli kichwani
akinisubiri nimfunue.
Nachelewa kazini. Msimamizi ameshaniandika mara mbili.

Usiku, getini, giza la Chang'ombe
limenifunika pande zote.
Natazama saa. Nane na nusu.
Kuna mtu Mtoni, amelala kifudifudi,
anajua nipo.