Pacha wa Pili

Kwa Ruhomvya, Mwanga, nyuma ya mashine ya kukoboa,
mchezo ule ulikuwa na mji mzima:
daraja refu la chuma, theluji mabegani mwa watu,
makofia ya pama, magari meusi yenye macho ya bundi,
na bosi wa majambazi mwenye sauti ya mtu aliyemeza kokoto.
Mia mbili, dakika kumi.
Bukuru alishika usukani, mimi nilishika zamu,
maana alinitangulia duniani kwa robo saa
na hajawahi kunirudishia.

Kisha mjomba Nzigo akarudi toka Bujumbura
na kitenge cha mama, betri za redio,
na kimashine cha viganjani, chenye ufa,
kilichozibwa kwa plasta ya hospitali.
Ndani yake, mchezo uleule.
"Uleule?" Bukuru akacheka. "Huu ni Butoyi wake."

Na kweli ulizaliwa nyuma, ukazaliwa mdogo.
Mto umekuwa mfereji.
Theluji hawakuiweza, wakaweka usiku.
Daraja limekatwa katikati; ukifika, ukungu.
Bosi kanyang'anywa sauti, anasema kwa maandishi,
mdomo ukifunguka na kufumba kama mgebuka nchi kavu.
Na wapita njia, ambao kwa Ruhomvya ni umati,
humu wamebaki wanne:
mwenye koti, mwenye mwavuli, kiwete, mama wa kikapu,
wakikata kona, wakirudi tena
kama watu waliosahau kitu nyumbani.

Bukuru aliuchoka siku ya pili.
Mimi nikabaki nao.
Nani mwingine angenipa zamu isiyoisha?

Wiki ya mtihani wa darasa la saba mama alikichukua,
akakificha ndani ya debe tupu la mawese.
Usiku nikaamka kwenda kukojoa, nikaona
mwanga wa buluu chini ya mlango wake.

Alikuwa anaendesha.
Miwani puani, ulimi pembeni ya mdomo,
gari la jambazi likienda mwendo wa harusi,
likisimama kila taa nyekundu.
"Kaa," akasema bila kugeuka.
"Huyu wa kikapu nimempisha mara tisa. Hata asante."

Nikamwonyesha kitufe cha bunduki.
Akakitazama anavyotazama dagaa wa juzi.

Maandishi yakatokea:
NENDA KWA MWOKA MIKATE. CHUKUA PESA YA ULINZI.
AKIKATAA, VUNJA KIOO.
Mama akasoma mara mbili, kidole kikifuata mstari.
Yeye mwenyewe kila alfajiri, kabla hajafunua ndoo,
humlipa kijana wa ushuru,
kisha yule mwingine, asiye na risiti.

Akaingia dukani. Mwoka mikate akainua mikono,
mikono ya pembepembe, kama makasia;
nafasi ya kumchongea vidole haikupatikana.
Mama hakubonyeza kitu.
Bosi akaandika: HARAKA.
Akaandika tena.
"Andika tu," mama akamjibu. "Hata bei ya ngano huijui."

Akatoka kinyumenyume, akapanda gari,
akaliendesha polepole hadi ukungu unapoanzia,
akaegesha vizuri, matairi sambamba na ukingo.
"Ng'ambo kuna nini?"
"Hakuna, mama. Hapakutosha."
"Na kwa Ruhomvya?"
"Kwa Ruhomvya kupo. Ila Bukuru huwa havuki,
huishia benki."
Chaji ikakata. Tukabaki na giza na harufu ya mawese.
"Kesho chukua mia mbili kwenye kopo," akasema,
"ukaniangalizie."

Nikaenda. Nikamwambia Bukuru: leo naanza mimi.
Akashangaa hadi akanipisha.
Dakika saba nilivuka daraja lile bila kumpiga mtu,
watoto nyuma yangu wakizomea.

Jioni mama alikuwa anasafisha mizani kwa majivu.
"Enhe?"
"Theluji, mama. Na benchi. Tupu."
Akasugua, akasugua.
"Afadhali," akasema. "Angalau ana pa kukaa
yule wa kikapu, akivuka."