Daftari la Vipimo

Mbele ni bega, kifua, kiuno,
na urefu toka shingoni hadi kisiginoni.
Madamu wa Mabela wanakuja na vitambaa vya Dubai,
napima, naandika, riali nane.
Sasa lipindue. Anzia nyuma.
Huko nako ni vipimo.

"Mkono mrefu": hugusa akipita jikoni.
"Kola ya kubana": alimkaba.
"Kifungo kimoja": hufunga mlango, ufunguo hutia mfukoni.
"Vifungo vyote": hilo silielezi.
Jina la mwanamume siliandiki.
Naandika njia, nambari ya villa, rangi ya geti,
kama uani pana mtende au mkunazi,
ili likimwangukia mtu mkononi
aone wateja wenye mikono mirefu tu.

Kumpima mtu ni dakika nne.
Madamu yuko garini, kiyoyozi kinanguruma,
nami nimepiga magoti na futi ya kitambaa,
pini mdomoni, masikio yako wazi.
Dakika nne. Wengine huzimaliza kwa kulia,
basi nawapima tena.

Mdomo mmoja hautoshi.
Wa kwanza namwandika kwa penseli.
Namngoja wa pili, asiyemjua wa kwanza,
aje na pindo lake lililofumuka
anitajie geti lile lile sijamuuliza.
Hapo ndipo napitisha wino.

Sikuwa hivi. Mwaka ule nilimwandika dereva,
Mbaluchi mpole, kwa neno la binti mmoja tu,
kumbe walikuwa na deni lao la riali ishirini.
Nikakata mstari, nikakata tena,
karatasi ikatoboka.
Mpaka leo ukiinua ukurasa kwenye taa
lile tundu linaniangalia.
Kwa hiyo penseli. Kwa hiyo wawili.
Ni haki, nikajisifu. Ni uadilifu.

Kisha geti la kijani, karibu na duka la gesi.
Liliandikwa kwa penseli mwezi wa Rajabu.
Nikangoja mdomo wa pili.
Shaabani, Ramadhani, nguo za Idi zikanijaa,
nikangoja.
Mdomo wa pili ulikuwa wa Kadzo, wa Kilifi,
miaka ishirini na mmoja, bega inchi kumi na nne.
Alikuja kushona vazi hili hili la kazi mwezi wa Rajabu,
wiki moja baada ya penseli,
akanitajia anakokwenda,
nikamwambia: simama wima, mwanangu.

Nilipitisha wino.
Mkono haukutetemeka. Hilo ndilo linaloniudhi.

Na yule bwana kesha hama. Sohar, wasema,
au Barka, kwa mke mdogo.
Geti kaupaka rangi mpangaji mpya, mtu wa dini na watoto wanne,
nami sina kalamu ya kuukimbilia mguu wa mtu.
Serikalini huenda wana mafaili yao.
Sijapata kuulizwa.

Alhamisi iliyopita kaja Mwanahija, wa Pangani,
ana siku tisa nchini, bado ananusa sabuni ya ndege.
Kaambiwa na mtu, sijui nani.
"Bi Thuwaiba, nyumba yetu imo?"
Nikapekua. Wino, hamna. Penseli, hamna.
"Haimo."
Akacheka, akashusha mabega yote mawili.

Ningemwambiaje?
Nyumba isiyoandikwa si nyumba safi.
Ni nyumba ambayo bado hajatoka mtu
akanijia na pindo.

Nikasema: nyoosha mikono.
Ndani ya upindo wa kulia nikamtilia nambari yangu,
tarakimu nane, uzi mweusi juu ya nguo nyeusi,
nene kidogo, za kusomwa kwa kidole taa ikizimwa.
Honi ikalia nje.
Nikaenda dirishani mwa gari, nikasema kwa Kiarabu kizuri
kwamba mshono haujakaa sawa,
binti arudi Alhamisi,
na Alhamisi inayofuata,
kitambaa hiki kina ukaidi.