Kupe

Nimemkuta nyuma ya goti lako, Ndeshimuni,
kando ya mshono,
mnono kama punje ya mbarika,
kichwa ndani, hana haraka.

Amekuja na majani ya ng'ombe
uliyoyabeba jana kutoka tambarare,
wewe uliyekatazwa hata ndoo.

Miaka yote tumewang'oa kwa kucha,
tukawatupa mekoni, pwa!
Leo mkono unanitetemeka.
Daktari alisema chuma hakina damu:
kijidudu kikijikalia pale,
nani atakifukuza?

Tulia. Nina kibano cha nyusi cha Anansia
na spiriti.
Navuta wima, polepole, bila kupinda.

Ametoka mzima, miguu ikicheza.

Naandika tarehe kwenye kalenda ya ushirika.
Goti likipata moto, sema.
Usinidanganye
kwamba ni baridi ya Kibosho.